Hitilafu za Injini katika Gari la Zamani: Uchunguzi Unaoweza Kufanyika Nyumbani

Mmiliki wa gari la zamani anayeishi Bunju au Mabwepande katika Manispaa ya Kinondoni, au Chamazi na Toangoma katika Manispaa ya Temeke, huanza safari ya kwenda katikati ya Jiji la Dar es Salaam kabla jua halijachomoza. Injini inapogoma saa hizo, jambo la kwanza huwa ni kumpigia fundi simu. Fundi hufika, husikiliza mlio, hutaja kipuri, na kipuri hicho hufuatwa Kariakoo au Ilala. Mara nyingine gari hupona. Mara nyingine hitilafu hubaki palepale, kikatajwa kipuri cha pili, kisha cha tatu, hadi plagi, koili na pampu ya mafuta zote zimebadilishwa kwa sababu ya waya mmoja uliolegea kwenye betri.

Makala haya yanaeleza uchunguzi ambao mmiliki anaweza kuufanya mwenyewe nyumbani, kwa vifaa vichache, kabla ya kutoa fedha. Msingi wake ni mmoja: kipuri kinunuliwe baada ya chanzo cha hitilafu kuthibitishwa, kisinunuliwe ili kukibahatisha chanzo hicho.

Suala hili linagusa kaya nyingi. Sehemu kubwa ya magari binafsi nchini huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, nchi ambayo kama ilivyo Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikuchukua njia ya katazo. Gari lililovuka umri uliowekwa hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Ndiyo maana Toyota Corolla, Carina, Vitz, Noah na Mark II za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zinaonekana kila siku katika Barabara ya Bagamoyo na Barabara ya Kilwa. Aidha, tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Gari linalokunywa mafuta kupita kiasi kwa sababu ya ubovu, kwa hiyo, humfanya mmiliki wake alipe pia ushuru mkubwa zaidi ya jirani yake.

Maswali kabla ya kufungua boneti

Uchunguzi mzuri huanza kwa kumbukumbu. Hitilafu ilianza lini? Hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Hutokea kwenye foleni au gari likiwa kwenye mwendo? Kabla yake kulifanyika nini: gari lilijazwa mafuta kituo kipya, lilipelekwa kubadilishwa oili, lilipita kwenye maji, au liliegeshwa muda mrefu?

Swali la mwisho hutatua mambo mengi. Gari lililoanza kutetemeka jioni ileile lilipotoka kuoshwa injini kwa mashine ya maji ya kasi, kwa mfano, huenda halina ubovu wowote zaidi ya maji yaliyotuama kwenye mashimo ya plagi. Hukaushwa kwa kitambaa na hewa, na safari huendelea. Majibu ya maswali haya yakiandikwa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, pamoja na tarehe na kilomita za kila matengenezo, humsaidia hata fundi ambaye hajawahi kuliona gari hilo.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: tochi, spana za saizi zinazotumika sana, kitufe cha kufungulia plagi, glovu, matambara makavu na mita ndogo ya kupimia umeme. Kizimamoto cha gari kiwe karibu, na kazi ifanyike mahali pa wazi. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mtu bila yeye kutambua hatari.

Gari lisilowaka

Kuna hali mbili ambazo watu wengi huziita kwa jina moja. Katika hali ya kwanza, swichi inapogeuzwa stata haizungushi injini. Husikika mlio mmoja mkavu, au milio midogo ya mfululizo, au kimya kabisa. Katika hali ya pili, stata huzungusha injini vizuri lakini moto haushiki. Hali ya kwanza ni ya betri, nyaya na stata. Ya pili ni ya mafuta, cheche au hewa. Kuzichanganya hali hizi ndiko kunakosababisha mtu anunue betri mpya wakati pampu ya mafuta ndiyo iliyokufa.

Kwa hali ya kwanza, taa kubwa za mbele ziwashwe, kisha swichi igeuzwe. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake havishiki vizuri. Taa zikibaki na mwanga uleule huku stata ikiwa kimya, tatizo linaelekea kwenye stata yenyewe au relei yake. Na kwa gari la gia za otomatiki, jambo rahisi la kujaribu kwanza ni kusogeza mkono wa gia kutoka P kwenda N na kujaribu tena.

Vichwa vya betri vistahili kuangaliwa kabla ya betri kulaumiwa. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita. Huondolewa kwa kufungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, kuosha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kukausha na kukaza upya, waya wa hasi ukirudishwa mwisho. Betri yenye afya ambayo gari lake limepumzika usiku kucha husoma takriban volti 12.6; ikishuka chini ya 12.2 imepungukiwa sana chaji. Injini ikiwa inaunguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kikibaki 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani.

Kwa hali ya pili, ambapo injini inazunguka bila kuwaka, mtu asikilize kwa makini upande wa tanki wakati swichi inapowekwa kwenye alama ya kuwasha bila kuzungusha stata. Katika magari mengi ya sindano za mafuta, pampu huvuma kwa takriban sekunde 2 kisha hunyamaza. Katika baadhi ya magari pampu haivumi hadi stata izunguke, hivyo msaidizi anahitajika. Kama hakuna sauti kabisa, fyuzi na relei ya pampu hukaguliwa kabla ya pampu. Mara nyingi ndani ya kisanduku cha fyuzi kuna relei nyingine ya aina ileile, kama ya honi. Kuzibadilishana kwa dakika moja huonyesha kama relei ndiyo yenye kosa, na jaribio hilo halina gharama.

Pampu nyingi hukaa ndani ya tanki na hupozwa na petroli inayoizunguka. Desturi ya kuendesha gari likiwa na kiasi kidogo tu cha mafuta, taa ya akiba ikiwa inawaka siku nzima, huifupishia maisha na kuivutia uchafu uliotuama chini ya tanki. Petroli inayonunuliwa kwenye vidumu kando ya barabara huongeza uchafu na maji. Mafuta yanayouzwa kwenye vituo nchini huwekewa vinasaba ili kudhibiti uchakachuaji, na mwananchi anayeshuku kuwa gari limeharibika baada ya kujaza mafuta kwenye kituo fulani anapaswa kuhifadhi risiti ya EFD, kuhifadhi kiasi kidogo cha mafuta yaliyotolewa kwenye tanki na fundi, na kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Bila risiti, malalamiko hayo ni magumu kufuatilia.

Jambo moja halifai kufanywa nyumbani kwa hali yoyote: kumwagia petroli moja kwa moja kwenye njia ya hewa ya injini ili ishtuke. Cheche ikirudi nyuma, moto hufuata petroli hadi kwenye mkono ulioshika chupa.

Injini inayochemsha

Hakuna hitilafu inayoua injini nyingi za zamani kama joto, na hakuna inayotoa onyo mapema kama hiyo. Injini iliyotumika miaka 20 ikiwa na oili safi inaweza kuendelea miaka mingine, lakini dakika chache za kuendeshwa mshale ukiwa kwenye rangi nyekundu zinatosha kupinda silinda hedi ya aluminiamu na kuunguza gasketi. Dereva anayeona mshale unapanda kwenye foleni ya Mbagala au Tegeta azime kiyoyozi na kufungua kipasha joto cha ndani hadi mwisho. Hilo husaidia kuondoa sehemu ya joto kwenye injini wakati anatafuta mahali salama pa kusimama. Mshale ukifika kwenye nyekundu, injini izimwe. Kusema kwamba nyumbani si mbali ndiyo sababu ya hasara nyingi.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Mfumo huo hufanya kazi kwa mgandamizo, na maji yaliyomo ni ya moto kuliko maji yanayochemka jikoni. Kifuniko kikifunguliwa hulipuka kuelekea usoni. Injini iachwe ipoe, angalau nusu saa na mara nyingi zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini ya moto, kwani chuma kinachopoa ghafla kinaweza kupasuka.

Injini ikishapoa, uchunguzi huanza kwenye kiasi cha maji. Kama yamepungua, yamekwenda wapi? Alama za ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu ya maji au kwenye plastiki ya juu ya rejeta huonyesha mahali panapovuja. Kadibodi safi ikitandikwa chini ya gari usiku huonyesha asubuhi tone limeangukia upande gani.

Kama maji hayavuji, wakati wa kuchemsha huwa ndio ushahidi. Gari linalochemsha kwenye foleni tu na kupoa likipata mwendo lina tatizo la feni: feni haizunguki, au inazunguka kwa kasi ndogo. Kwa magari yenye feni ya umeme, kiyoyozi kikiwashwa feni inapaswa kuanza kuzunguka. Isipoanza, fyuzi, relei na mota hukaguliwa kwa mpangilio huo. Gari linalochemsha likiwa kwenye mwendo au likipanda mlima lina tatizo la mzunguko wa maji: rejeta imeziba, pampu imechoka au themostati haifunguki. Mipira miwili ya rejeta husaidia hapa. Injini ikiwa imepata moto, mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukiwa baridi, maji hayapiti.

Themostati inahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu katika gereji nyingi imekuwa mhanga wa imani isiyo sahihi. Ni vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto la kufanyia kazi, na katika injini nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi. Mafundi wengi huitoa na kuitupa kwa hoja kwamba Dar es Salaam kuna joto la kutosha na kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo haisimami. Joto la injini halitokani na hali ya hewa bali na mafuta yanayoungua ndani yake, na injini hiyohiyo hutumia themostati ileile katika nchi za joto na za baridi. Gari lisilo na themostati huchelewa kufikia joto lake; kompyuta huamini kuwa injini ni baridi na kuongeza mafuta, oili haipati joto la kukausha unyevu, na plagi huota masizi. Matumizi ya mafuta hupanda bila mmiliki kujua kwa nini. Tena, katika baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya pembeni ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ambalo lilitolewa themostati ili lisichemshe huchemsha zaidi kwenye safari ndefu.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Themostati hufungwa kwa uzi, huzamishwa kwenye sufuria ya maji isiyotumika tena kwa chakula, na maji huchemshwa taratibu. Kabla ya maji kuchemka kikamilifu, vali inapaswa kuwa imefunguka. Maji yakipoa, inapaswa kujifunga. Isipofanya hivyo hununuliwa nyingine yenye nyuzi zilezile zilizochapwa juu yake, na gasketi yake mpya.

Maji yenyewe ni suala la pembezoni mwa Dar es Salaam kwa namna ya pekee. Kaya nyingi katika maeneo hayo hutumia maji ya visima, na mengi kati ya visima hivyo yana chumvi. Maji hayo yakiwekwa kwenye rejeta mwezi baada ya mwezi hula aluminiamu, huacha magamba kwenye vijia vyembamba na kuharibu pampu. Mchanganyiko sahihi ni kulanti ya aina iliyotajwa na mtengenezaji na maji yaliyosafishwa. Maji yaliyosafishwa huuzwa dukani kama maji ya betri, lakini mnunuzi ahakikishe hapewi tindikali ya betri, kwani vyombo vyake hufanana. Katika dharura ya barabarani maji yoyote safi yanafaa, kisha mfumo wote usafishwe na kujazwa upya ndani ya siku chache.

Dalili za gasketi iliyoungua ni tofauti na zote zilizotangulia. Injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiondolewa kabla ya kuwasha, mapovu yasiyokoma huonekana majini mara injini inapowaka. Maji hupungua bila kuvuja mahali popote. Oili kwenye kijiti cha kupimia au chini ya kifuniko chake hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Dalili hizi zikionekana, hasa zikiwa zaidi ya moja, gari halipaswi kuendeshwa tena hata hadi gereji, livutwe.

Injini inayomisi na kukosa nguvu

Injini ya silinda nne ambayo silinda moja haichomi mafuta hutetemeka ikiwa imesimama na kukosa nguvu inapokanyagiwa. Mafundi husema gari linamisi. Kwanza hukaguliwa chujio la hewa, ambalo katika barabara za vumbi hujaa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoeleza. Kisha hukaguliwa mipira midogo ya hewa kati ya chujio na injini, kwa kuwa mpira uliopasuka huingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu.

Plagi husomwa kama daktari asomavyo ulimi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya injini yenye afya. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu. Ncha iliyolowa oili huonyesha ringi za pistoni au sili za vali zilizochoka, au gasketi ya kifuniko cha juu inayomwaga oili kwenye shimo la plagi. Hii ya mwisho ni hitilafu ya bei ndogo ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa kubwa. Plagi hufunguliwa injini ikiwa imepoa, na hurudishwa kwa vidole kwanza kabla ya kukazwa kwa kitufe, ili nyuzi za aluminiamu zisiharibike.

Kwa magari yenye koili moja kwa kila silinda, kama Vitz, IST na Corolla zenye injini ya 1NZ-FE, kuna jaribio la uhakika lisilohitaji kipuri kipya. Koili inayoshukiwa huhamishiwa silinda ya pili, na ya silinda ya pili ikaletwa mahali pake. Kumisi kukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu na hununuliwa moja tu, si nne. Kumisi kukibaki kwenye silinda ileile, lawama huhamia kwenye plagi, sindano ya mafuta au mgandamizo wa silinda. Kazi hii hufanywa injini ikiwa imezimwa. Kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inaunguruma, kama inavyofanywa na baadhi ya mafundi, ni kujihatarisha kwa umeme wa maelfu ya volti, na kunaweza kuunguza koili iliyokuwa nzima.

Taa ya injini na rangi ya moshi

Taa ya injini kwenye dashibodi huonyesha kuwa kompyuta imehifadhi msimbo wa hitilafu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, msimbo huo husomwa bila mashine: kisanduku kidogo chini ya boneti kina alama TE1 na E1, ambazo huunganishwa kwa kipande cha waya swichi ikiwa imewashwa na injini haiwaki. Taa huwaka na kuzima kwa mafungu ya tarakimu mbili. Msimbo 22, kwa mfano, ni wa sensa ya joto la maji, na 41 ni wa sensa ya kikanyagio cha hewa. Taa ikipepesa mfululizo bila mafungu, hakuna msimbo. Waya ukiingizwa tundu lisilo sahihi unaweza kuunguza mfumo wa umeme, hivyo alama zisomwe mara mbili kwenye kifuniko cha kisanduku.

Magari ya baadaye husomwa kwa kifaa kinachochomekwa chini ya usukani. Vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu ni vya bei nafuu, ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayazungumzi navyo ingawa soketi inafanana. Na msimbo si hukumu. Msimbo unaotaja sensa unaweza kusababishwa na waya uliotafunwa na panya, na fundi anayesoma msimbo na kutaja kipuri papo hapo amefanya nusu tu ya kazi.

Moshi mweusi ni wa mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ni mvuke wa kawaida katika miji ya baridi kama Njombe. Dar es Salaam, moshi mweupe mzito unaoendelea baada ya injini kupata moto ni ishara ya maji yanayoingia kwenye silinda.

Taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ni jambo jingine kabisa. Ikiwaka injini ikiunguruma, gari lisimamishwe na injini izimwe mara moja, kwa kuwa injini isiyo na mgandamizo wa oili hunoki ndani ya muda mfupi mno.

Baada ya mvua

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hufurika kwenye mabonde na barabara za mitaa. Gari lililozimika ndani ya maji halipaswi kujaribiwa kuwashwa. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, stata au injini hulazimisha pistoni kuyagonga na fimbo yake kupinda. Gari livutwe, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, plagi zitolewe na oili ikaguliwe kabla ya jaribio lolote. Ikiwa oili imechanganyika na maji, ibadilishwe pamoja na filta yake.

Mahali pa kukomea

Kazi za gasketi, mkanda au cheni ya taimingi, mgandamizo wa silinda, uvujaji wa petroli na chochote kinachohitaji kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee si kazi za nyumbani. Jeki huinua, haishikilii. Harufu kali ya petroli baada ya gari kuzimwa ni sababu ya kutoliwasha tena mpaka likaguliwe, na moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Fundi anayekabidhiwa gari aelezwe dalili, si kipuri. Aombwe aonyeshe alivyothibitisha chanzo, na kipuri cha zamani kirudishwe kwa mmiliki. Mafunzo ya ufundi wa magari hutolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ikiwemo katika chuo chake cha Chang'ombe, Temeke, na mamlaka hiyo pia hutahini na kuwatunuku vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani. Fundi mwenye cheti cha namna hiyo anaweza kuombwa akionyeshe. Vipuri vinunuliwe kwa risiti ya EFD. Bidhaa zinazoshukiwa kuwa bandia hutolewa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC), na zile zisizokidhi viwango kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Wapo wanaoona nafuu kubadilisha injini nzima kwa iliyotumika. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili wa gari, na ikibadilika, mmiliki anapaswa kuwasilisha mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) akiwa na uthibitisho wa manunuzi. Gari ambalo namba ya injini yake haifanani na kadi humletea mmiliki usumbufu linapokaguliwa na linapouzwa.

Oili iliyotolewa kwenye injini haimwagwi kwenye mtaro, kwenye mchanga wa uani wala karibu na kisima. Ni taka hatarishi, kama ilivyo betri iliyokufa. Hukusanywa kwenye kidumu chenye kifuniko na kupelekwa gereji au kituo cha mafuta kinachokabidhi oili chafu kwa wakusanyaji wenye kibali.